Presha imepanda: nani kaisukuma? Kupima nyumbani na kuisoma namba

Mashine ya presha imeingia nyumba nyingi za Amu, yaani Lamu. Jioni hutolewa kabatini, mzee akavishwa mkanda, namba ikasomwa kwa sauti: mia na hamsini na sita kwa themanini na nane. Hapo kila mtu ana lake. Mmoja asema ni ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, wa mchana, wa pili asema ni hasira za asubuhi, wa tatu ataka kidonge kiongezwe. Huenda wote watatu wamepata, huenda wote wamekosa. Namba ile moja ni jumla ya mambo matano yanayovutana mwilini kwa wakati mmoja, na asiyejua ni lipi lililosukuma saa ile hajui la kufanya.

Kwa hiyo kazi hapa ni mbili. Kwanza kupima namna ambayo namba itakuwa ya mwili, si ya kiti kibovu wala mkono wa baibui uliobana. Pili kumtafuta msukumaji.

Namba yenyewe

Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za ateri moyo unapokamua. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapotulia kujaa tena. Kizio chake ni milimita za zebaki, na zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Presha ya 120 ingesukuma maji ndani ya mrija uliosimama hadi mita 1.6, usawa wa kidevu au kinywa cha mtu mzima. Mwingereza Stephen Hales alilitazama jambo hilo kwa macho: alitia mrija kwenye ateri ya farasi jike, na mwaka 1733 akachapisha kwamba damu ilipanda zaidi ya futi 8. Mkanda wa leo unapata jibu bila kumtoa mtu damu, lakini kitu kinachopimwa ni kilekile.

Ukitaka kujua msukumo wa wastani unaofika kwenye ubongo na figo, toa ya chini kwenye ya juu, gawa kwa 3, kisha ongeza ya chini. Kwa 150/90: tofauti ni 60, theluthi yake 20, wastani 110. Ya chini ina uzito zaidi katika hesabu kwa sababu moyo uliopumzika hukaa muda mrefu katika kutulia kuliko katika kukamua.

Wasukumaji watano

*Moyo.* Mtu mzima aliyekaa kimya, moyo wake hutoa kama mililita 70 kwa pigo moja. Mapigo 70 kwa dakika, hizo ni lita 4.9, karibu damu yote ya mwili kupita kila dakika. Panda ngazi za nyumba ya mawe mpaka darini na kiasi hicho huongezeka mara kadhaa. Namba ya juu hupanda nacho, ya chini hubaki karibu palepale. Ndiyo maana aliyepimwa akiwa ndio kwanza kashuka ngazi huonekana mgonjwa kwa namba moja tu.

*Upana wa mishipa midogo.* Huyu ndiye bwana mkubwa, na ndiye anayesahauliwa zaidi. Kabla damu haijaingia kwenye vimishipa vyembamba kabisa hupita kwenye ateri ndogo zenye pete za misuli, ambazo hukaza na kulegea kwa amri ya neva na homoni. Hesabu yake haina huruma: upinzani huenda kinyume cha nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne. Mshipa ukipungua upana kwa asilimia 10 tu, upinzani huongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Ukipungua nusu, upinzani huwa mara 16. Hakuna msukumaji mwingine anayeweza kuigeuza namba kwa kasi hiyo.

Wanaokaza pete hizo ni hofu, maumivu, baridi, kibofu kilichojaa, sigara, tumbaku iliyotiwa kwenye tambuu, na miraa. Miraa na muguka vina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini: hukaza mishipa na papo hapo huharakisha moyo, yaani wasukumaji wawili kwa mkupuo. Wanaolegeza ni joto, maji ya moto ya kuoga, homa, mlo mkubwa unaoita damu tumboni, na dawa za presha kama amlodipini. Amlodipini hulegeza ateri kuliko vena, ndiyo sababu wengine huvimba vifundo vya miguu: damu inaingia kwa wepesi na maji huvuja tishuni. Uvimbe huo hauponi kwa dawa ya kukojoza ya kuazima kwa jirani. Mwambie aliyekuandikia dawa.

*Wingi wa damu.* Kwa kila kilo ya mwili kuna kama mililita 70 za damu. Mtu wa kilo 70 ana karibu lita 5. Wingi huo hulindwa na figo, na figo huongozwa na chumvi. Mwili hushikilia maji mpaka chumvi iwe karibu gramu 9 kwa lita, basi gramu 9 za ziada zikibaki mwilini hudai lita nzima ya maji ya kukaa nazo. Sehemu ya maji hayo huingia kwenye mishipa, moyo hupokea kingi, hutoa kingi, namba hupanda. Msukumaji huyu ni mpole. Hafanyi kazi kwa dakika, hufanya kwa siku.

*Ukuta wa ateri kubwa.* Ateri ya kijana hutanuka moyo unapokamua, ikahifadhi sehemu ya nguvu, kisha ikajikunja taratibu na kuendelea kuisukuma damu moyo ukiwa umetulia. Kwa umri, kwa kisukari, kwa sigara na kwa miaka ya presha isiyotibiwa, ukuta hukakamaa. Haupokei tena, wala haurudishi. Matokeo yake ni namba ya juu kupaa na ya chini kushuka: 168/72, mfano. Watu huitazama 72 wakatulia. Wasitulie. Pengo la 96 kati ya namba mbili ni alama ya ukuta mgumu, na namba ya juu peke yake inatosha kuleta kiharusi.

*Uzito wa damu.* Damu yenye chembe nyekundu nyingi mno ni nzito kusukumwa, presha hupanda. Yenye upungufu ni nyepesi, na moyo hulazimika kukimbia kufidia. Mwenye upungufu wa damu hutajulikana zaidi kwa mapigo ya haraka kuliko kwa presha. Yatosha.

Juu ya hawa watano wako walinzi. Kwenye shingo, pale ateri inapogawanyika, na kwenye upinde wa ateri kubwa itokayo moyoni, kuna neva zinazohisi mtanuko wa ukuta. Presha ikishuka, ndani ya sekunde chache huamuru moyo ukimbie na mishipa ikaze. Figo nazo hurekebisha kwa saa na siku, kwa kubana au kuachia chumvi na maji. Mlinzi wa shingoni ana udhaifu mmoja: presha ikikaa juu miezi, huizoea na kuanza kuilinda huko huko juu. Na mtu aweza kuwa na 170 asisikie kitu.

Kupima ipasavyo

Anza na mkanda, si na kiti. Chukua utepe wa fundi cherehani, tafuta katikati baina ya mfupa wa bega na kiwiko, zungusha. Mikanda mingi inayokuja na mashine imeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa sentimita 36 ukifungwa mkanda huo, mfuko wa hewa haufiki kuzunguka, mashine hulazimika kujaza zaidi ili kuubana mshipa, na namba huweza kuongezeka hata 10 isiyokuwepo. Mama mnene amewahi kuongezewa dawa kwa kosa la mkanda. Nunua mkanda mkubwa wa mashine ileile. Wa mashine nyingine hautoi hesabu sahihi. Mashine za kufunga kifundo cha mkono ziache kama una chaguo.

Nusu saa kabla ya kupima: hakuna kahawa chungu, sigara, tambuu yenye tumbaku, wala kazi nzito. Aliyechana miraa alasiri asipime usiku ule akadhani amepata namba yake; asubiri kesho asubuhi, au apime na aandike "miraa" pembeni. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa huweza kuongeza hadi 10.

Kisha kikao. Makalio yajaze kiti, mgongo uegemee, nyayo mbili zikae sakafuni, miguu isikunjwe nne. Ukingo wa kitanda cha kamba haufai, hauna mgongo. Baraza la mawe lenye ukuta nyuma linafaa kama miguu inafika chini. Kile kiti cha enzi cha Kiamu, chenye mgongo wima, pa kuegemeza mikono na ubao wa miguu, karibu ungesema kilichongwa kwa kazi hii. Kasoro yake ni kwamba mahali pa mkono pako chini kidogo, ongeza mto.

Mto huo si starehe. Katikati ya mkanda iwe usawa wa moyo, yaani usawa wa chuchu za mwanamume. Kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya hapo, uzito wa damu yenyewe huongeza karibu 8 kwenye namba. Ukipanda sentimita 10, hupunguza 8. Na mkono uegemee kitu. Ukiushikilia mwenyewe hewani, misuli inayofanya kazi hukaza mishipa na namba hupanda tena.

Mkanda ufungwe kwenye ngozi. Ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya kikunjo cha kiwiko, mrija ushuke upande wa ndani ya mkono, na kidole kimoja au viwili viingie kwa shida kidogo. Mkono wa baibui au kanzu usikunjwe ukabana juu; huo huwa mkanda wa pili, na mashine hupima vita baina ya hiyo miwili. Utoe mkono kabisa, chumbani, mlango umefungwa.

Sasa kaa kimya dakika 5 kwa saa, si kwa kukisia. Halafu bonyeza, na mdomo ufungwe. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibu: mashine inanguruma, na bibi anauliza samaki kaletwa na nani. Mwambie, "Bibi, nyamaza kidogo, ikimaliza tutazungumza." Kuzungumza tu huongeza kama 10. Ikimaliza, ngoja dakika 1, pima tena, andika zote mbili pamoja na mapigo.

Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili. Tofauti ndogo ni kawaida. Tangu hapo tumia mkono wenye namba kubwa. Tofauti ya juu ikizidi 15 kila unapopima, mweleze daktari, huenda ateri ya upande mmoja imejibana. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa kazi hiyo usifungwe mkanda kamwe.

Mashine ikikataa na kuandika alama ya kosa, mara nyingi mkanda umelegea, mrija umekunjika au mpimwaji amejitikisa. Betri dhaifu nazo husimamisha hewa njiani. Hewa ya bahari hula vyuma vya betri, kwa hiyo fungua kifuniko mara moja kwa mwezi utazame kutu ya kijani, na mashine iliyokaa bila kazi itolewe betri. Mapigo yasiyo na mpangilio huichanganya mashine hata ikiwa mpya: pima mara 3, chukua wastani, na usipuuze alama ya mapigo yasiyo na mpangilio ikitokea kila siku, kwani hiyo ni habari kwa daktari.

Kwa kujua hali halisi, pima siku 7: mara 2 asubuhi ndani ya saa moja ya kuamka, baada ya haja ndogo na kabla ya dawa na chai, na mara 2 jioni. Siku ya kwanza itupe, kwani mwili ulikuwa unashangaa. Zinabaki namba 24. Tafuta wastani wa za juu na wastani wa za chini. Nyumbani mpaka ni 135/85. Kliniki mpaka ni 140/90, kwa sababu kliniki huongeza wasiwasi wake. Kipimo kimoja cha 150 baada ya kubishana na muuza maji si presha.

Kumwona msukumaji akiwa kazini

Majaribio matatu, mchana mmoja, yatakufundisha kuliko mhadhara.

La mkono: pima kama ilivyoelezwa, kisha acha mkono uning'inie kando ya kiti, pima tena. Hakuna kilichobadilika moyoni wala figoni, lakini namba imepanda kwa mvuto wa dunia peke yake. Asiyeamini mto ataamini hapo.

La ulimi: pima kimya, kisha pima huku mpimwaji akihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100. Huyo ni msukumaji wa pili, mishipa imekazwa na shughuli ya akili. Halafu apumue taratibu, kuingiza na kutoa pumzi mara 6 kwa dakika, kwa dakika 5, apimwe tena. Wengi hushuka kidogo.

La kusimama ndilo muhimu, hasa kwa wazee, wenye kisukari na wanaotumia dawa. Alale chali dakika 5, apimwe. Asimame, mtu awe ubavuni kumdaka. Apimwe ikifika dakika 1 na tena dakika 3, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Mtu akisimama, zaidi ya nusu lita ya damu hushukia miguuni na tumboni, na mlinzi wa shingoni ana sekunde chache kufidia. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, mlinzi ameshindwa. Tazama mapigo: yakiwa yamekimbia sana, huenda maji mwilini ni machache, mfano baada ya kuhara au kukaa juani. Presha imeshuka lakini mapigo hayakusogea, shuku neva zilizochoka, kama za mwenye kisukari cha miaka, au dawa inayozuia moyo kukimbia. Ndiye anayeona giza akiinuka kutoka sijda. Ainuke kwa hatua, akae kwanza, na namba hizo zifike kliniki kabla ya mtu kumwongezea dawa nyingine ya kushusha.

Chumvi, polepole

Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima. Hiyo haijai kijiko cha chai, na imehesabiwa pamoja na iliyomo mkateni, kwenye kachri, achari, viungo vya pakiti na papa wa chumvi. Chumvi inayotoka kwenye mabwawa ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ni ya bahari, naam, lakini mwili hauulizi ilikotoka. Sodiamu ni ileile. Magadi ya kulainishia mboga nayo yana sodiamu: kijiko cha chai cha magadi ya dukani ya kuokea kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, zaidi ya nusu ya sodiamu iliyomo kwenye zile gramu 5 za chumvi za siku nzima, na ulimi hauisikii kama chumvi.

Maji ya kisima yahesabiwe pia. Yakianza kuonja munyu, kuna uwezekano sodiamu imefika kama miligramu 200 kwa lita. Lita 3 kwa siku ni sawa na gramu 1.5 za chumvi, kabla chungu hakijatelekwa. Maji hayo yaoshee vyombo. Ya kunywa na ya kupikia wali yatafutwe matamu, hasa kwa mwenye presha.

Hakuna haja ya kumnyima mzee ng'onda. Samaki huyo umkate vipande vidogo, umloweke kwenye maji mengi saa 6 hadi 12 ndani ya friji, ubadilishe maji mara 2 au 3. Kwa joto la Amu usimwache nje usiku kucha. Mchuzi wake usitiwe chumvi hata kidogo. Ndimu, ukwaju, pilipili na tui zitabeba ladha. Na wiki nzima asile kila siku.

Usitegemee kuona tofauti kesho. Linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya nne. Dalili ya haraka zaidi ya kwamba maji yamezidi ni mizani na pete: uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, pete ikakwama na soksi ikaacha alama, msukumaji ni wingi wa damu, na kama pumzi nayo imekuwa fupi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Potasiamu husaidia figo kutupa sodiamu, na dafu inayo ya kutosha, kama miligramu 600 kwa kikombe. Hilo ni jema kwa mwenye figo nzima. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia enalapril, losartan au spironolactone, aulize kwanza, na asiguse chumvi mbadala ya potasiamu bila idhini: potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Dawa zinazosukuma kinyume

Namba iliyokuwa nzuri miezi sita ikapanda ghafla bila sababu, fungua mkoba wa dawa kabla ya kuilaumu dawa ya presha. Diklofenaki na ibuprofeni, zile za goti na mgongo, huzifanya figo zishike chumvi na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Dawa za mafua za kuzibua pua hukaza mishipa, si ya puani tu bali ya mwili mzima. Deksamethasoni na prednisoloni hushikiza maji. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huwapandisha baadhi ya wanawake. Hata vidonge vinavyochemka kwenye maji mara nyingi huchemka kwa sodiamu. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ya kumeza ndiyo ya kuanza nayo, isizidi kipimo cha paketi.

Ya asubuhi ikiwa juu kila siku na ya jioni ni nzuri, pengine dawa haifiki saa 24, au mtu anakoroma na kukata pumzi usingizini. Muulize anayelala naye.

Kaskazi na Ramadhani

Katika joto la kaskazi mishipa ya ngozi hulegea na jasho hutoa maji na chumvi. Mwenye dawa za kukojoza aliyekuwa na 134 wakati wa kusi aweza kushuka hadi 105 na kizunguzungu. Si kwamba amepona. Asiache dawa mwenyewe. Apeleke daftari, kipimo kipunguzwe kwa msimu.

Mwezi wa Ramadhani wasukumaji hugongana kwa saa moja. Alasiri maji yamepungua. Magharibi futari nzito huita damu tumboni, na kwa wazee presha huweza kushuka ya juu 20 au zaidi ndani ya saa 2 za baada ya kula. Papo hapo tarawehe: kusimama muda mrefu, msikiti umejaa, joto. Anayeanguka safuni mara nyingi ana wasukumaji watatu waliomwachia kwa pamoja. Afungue kwa tende na maji, ale kidogo, aswali magharibi, chakula kizito kigawanywe na sehemu ibaki baada ya tarawehe; akisikia macho yanafifia, akae, aswali ameketi. Wiki 4 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, aonane na daktari apange saa za dawa. Wakati wa kufunga apime kabla ya kufuturu, saa 1 au 2 baadaye, na baada ya daku.

Mjamzito

Katikati ya ujauzito mishipa hulegea na presha kwa kawaida hushuka kidogo, kwa hiyo 140/90 baada ya wiki 20 haingojwi siku 7 za daftari. Aende kituo cha afya siku hiyo, apimwe na mkojo. Akiwa na kichwa kinachouma sana, nuru zinazomweka machoni, maumivu chini ya mbavu za kulia au uso uliovimba ghafla, ni dharura hata namba ikiwa ndogo kuliko hapo. Na 160/110 ni dharura bila dalili yoyote. Enalapril na losartan si za mjamzito. Anayezitumia na akakosa siku zake, amwone mhudumu mara moja abadilishiwe, asiziache kimya.

Usiku namba ikitisha

180/120 au zaidi: kaa kimya dakika 5, mto chini ya mkono, pima tena. Uliza maswali haya. Kifua kinauma? Pumzi fupi? Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki? Macho yamefifia? Kichwa kinapasuka kwa namna isiyo ya kawaida, au amechanganyikiwa? Jibu moja la ndiyo latosha: hospitali sasa. Hata namba ikiwa si kubwa, mdomo uliokwenda upande haungoji. Walio Shela, Matondoni, Kipungani au Manda waite boti kwanza, kisha wapige simu hospitali, kisha ndio watafute shuka na kitambulisho, maana boti ndiyo inayochelewa. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Chukua daftari na dawa zake zote, hata zile za mitishamba.

Kama hana dalili hata moja, hakuna haja ya kuvuka bahari usiku. Atazame kama amesahau dawa yake ya siku na aimeze kwa kipimo kilekile, alale, na kesho aonekane kliniki. Asipewe kidonge cha jirani, na nifedipini isitobolewe na kumiminwa chini ya ulimi kama wengine wafanyavyo: hushusha presha kwa kishindo, na ubongo uliozoea kusukumwa kwa 180 hukosa damu kwa 110.